Kumsaidia Msafiri Kuomba Viza: Barua Yetu Ina Uzito Gani?

(Haya ni maelezo yaliyotolewa kwenye semina ya siku moja ya kamati za parokia iliyofanyika Chukwani, Unguja. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala, na kwa kuwa wafadhili wetu wanaoalika wageni kutoka Zanzibar nao watayahitaji.)

 

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mzee wangu, njoo utueleze namna ya kujaza fomu za viza, basi." Nikamjibu kwamba fomu si tatizo. Kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujaza fomu ya viza, na siku hizi nyingi zinajazwa kwenye kompyuta, ukikosea inakukatalia hapo hapo. Tatizo ni yale makaratasi yanayofuatana na fomu. Na katika makaratasi hayo ipo moja inayotoka ofisini kwetu ikiwa na muhuri wa parokia. Hiyo ndiyo niliyokuja kuizungumzia, ingawa nitapita na kwingine.

Kabla sijaanza, niwakumbushe mahali tulipo. Chukwani hii ndipo Sayyid Barghash alipojenga moja ya makasri yake. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza kama mgeni wa serikali ya huko, na sidhani kama kuna aliyemwomba taarifa ya benki ya miezi sita. Sisi wengine tunapanda boti ya asubuhi, kama saa mbili baharini mpaka Dar es Salaam, bahasha kifuani, kwa sababu balozi nyingi zinazotoa viza za Ulaya ziko huko. Hapa Unguja tunazo balozi ndogo chache, ya Oman, ya India na ya China. Kwa hiyo mtu wetu anapoambiwa amesahau karatasi moja, siyo kwamba atarudi nyumbani akaichukue. Ni nauli nyingine, ni kulala Dar kwa ndugu, ni siku mbili za kazi zimepotea.

Mimi nimekuwa nikikaa na watu wa namna hii kwenye baraza ya ofisi kwa zaidi ya miaka 15. Wanaokuja ni mama aliyealikwa na binti yake aliyeolewa Ulaya. Ni kwaya iliyoalikwa na parokia rafiki. Ni mwalimu aliyeweka akiba yake mwenyewe anataka kwenda kutazama dunia, na hao wanaongezeka, nami nafurahi kuwaona, kwa sababu tumezoea kudhani utalii ni kazi ya wageni wanaoshuka Kisauni tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo silisemi kwa furaha.

Mwaka 2011, nikiwa katibu wa kamati, alikuja kijana wa miaka 24 pamoja na mama yake. Kaka yake alikuwa akifanya kazi hospitalini mjini Birmingham, na alikuwa anaoa. Alitaka mdogo wake asimame naye siku ya ndoa, kisha arudi baada ya wiki tatu. Kijana huyu alikuwa mtu wa vibarua. Leo anapakia mchanga, kesho anamshikia ngazi fundi umeme. Jumamosi alikuwa akija kutupangia viti na kufagia ukumbi, nasi tunampa nauli na chochote kidogo. Mama yake akaniambia, "Baba, mwandikie kwamba ni karani wa parokia. Akisema kibarua hawatampa." Nilimhurumia. Niliandika barua kwamba ni karani wetu, nikataja na mshahara wa mwezi, nikagonga muhuri, nikasaini. Na yeye kwenye fomu akajaza vivyo hivyo ili vifanane.

Baada ya wiki mbili simu ya ofisi ililia. Mimi sikuwapo. Aliyepokea ni mlinzi wetu, mzee mkweli kuliko mimi. Aliulizwa karani wa parokia ni nani, akataja jina la dada ambaye ndiye hasa alikuwa karani. Akaulizwa habari za kijana, akajibu, "Huyo namjua sana, kijana mzuri, anatupangia viti."

Ndugu zangu, kama yale maneno ya mlinzi ndiyo yangekuwa kwenye barua yangu, pengine kijana angenyimwa viza, pengine angepewa. Sijui. Lakini angekuwa mtu aliyenyimwa tu, anaweza kuomba tena mwaka unaofuata. Kilichotokea ni kwamba alikataliwa kwa kosa la udanganyifu, na kanuni za uhamiaji za Uingereza zinasema anayebainika kutumia udanganyifu katika maombi, maombi yake ya baadaye yanaweza kukataliwa kwa muda wa miaka 10. Kaka yake alioa bila yeye. Watoto wa kaka yake wamezaliwa, wamekua, anawaona kwenye simu. Marufuku ilipokwisha alikuwa na miaka 34, ana mke na gari la kubeba wageni, na hajaomba tena.

Mimi sikupewa adhabu yoyote. Saini ilikuwa yangu, adhabu ikawa yake. Nilimwendea nikamwomba radhi. Alinijibu, "Yamekwisha, mzee." Sijui kama yamekwisha.

Na haikuishia kwake. Mwaka uliofuata tulimwandikia barua mwalimu mmoja wa skuli ya awali, barua ya kweli tupu, na yeye akanyimwa. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya barua ya kwanza. Lakini sikulala vizuri.

Kwa hiyo tuanze na swali ambalo afisa wa viza analo mezani. Watu wetu wanajitahidi sana kueleza kwa nini wanakwenda: arusi, ubatizo, kumwona mjukuu, mkutano wa kwaya. Afisa hilo analielewa haraka. Swali lake ni jingine: utarudi kwa nini? Sheria ya Marekani imeliweka wazi kabisa, kwamba anayeomba viza ya matembezi anahesabiwa kuwa anakwenda kuhamia mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hazisemi kwa ukali huo, lakini fomu yao ya kukataa ina kisanduku maalumu cha kutia alama kwamba kuna mashaka kama mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha. Kisanduku hicho nimekiona mara nyingi kimetiwa alama kwa watu wetu.

Mtu wa mjini mwenye ajira serikalini hajibu swali hilo kwa taabu. Ana barua ya mwajiri, ana ruhusa ya likizo, ana mshahara unaoingia benki kila mwezi. Watu wetu wengi wana sababu nzito zaidi za kurudi, ila sababu zao hazina karatasi. Hapo ndipo kamati inapoweza kufanya kazi ya maana.

Nitawapa mfano wa mama mmoja mjane, mshonaji wa sare za skuli. Binti yake alikuwa ameolewa Uholanzi na amejifungua. Mara ya kwanza mama alikwenda kwa dalali mmoja mjini, wale tunaowaita vishoka. Kishoka akachukua laki sita yake, kisha akamfanyia "mpango wa benki": akamtafutia mtu wa kumwekea shilingi milioni nane kwenye akaunti kwa wiki moja, taarifa ya benki ikachapwa, pesa zikarudi kwa mwenyewe. Mama wa watu hakuelewa ubaya wake. Aliambiwa ndivyo wanavyofanya wote. Fikirini afisa anachokiona: miezi mitano akaunti ina elfu kumi na nne, mwezi wa sita milioni nane zinashuka kutoka mbinguni. Akanyimwa.

Alipokuja kwangu nilimwambia asahau benki kwanza, anisimulie mwaka wake ulivyo. Kumbe ana vyerehani vinne na wasichana wawili anaowafundisha. Kumbe kuanzia Novemba mpaka Januari halali, maana skuli zinafunguliwa na kila mtoto anataka sare. Skuli mbili zinampa oda kila mwaka. Ana kitabu cha kikoba cha miaka saba, hajakosa hata wiki moja. Anacheza upatu. Malipo mengi anapokea kwa simu. Leseni ya biashara anayo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Tulianza upya, na ilituchukua miezi saba. Alianza kuweka mapato yake benki kadiri yanavyopatikana, hata kama ni elfu ishirini. Tukaomba taarifa ya malipo ya simu kutoka kampuni ya simu, tukapiga nakala kitabu cha kikoba chote pamoja na barua ya katibu wa kikoba, walimu wakuu wawili wakaandika kwamba wanamtegemea kwa sare za Januari. Kwa hesabu zetu aombe kwenda Agosti na arudi Septemba, kabla ya msimu wake. Binti na mkwewe walijaza fomu ya udhamini na malazi ambayo Uholanzi inataka saini yake ithibitishwe na halmashauri ya mji wanakoishi, wakaambatanisha na uthibitisho wa mishahara yao. Mwishoni, mama mwenyewe aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukaitafutia mfasiri. Ndani yake alieleza bila kuficha zile milioni nane zilitoka wapi na zilikwenda wapi. Wapo waliomshauri asiziguse. Mimi nilimwambia maombi ya kwanza yako kwenye kumbukumbu zao, na wanayo macho.

Akaunti yake siku ya kuomba ilikuwa na milioni moja na laki nne. Alipewa viza ya siku 30. Alirudi siku ya 27 akisema baridi imemchosha, na ilikuwa Septemba tu.

Nisije nikaonekana nauza dawa. Mwaka ule ule mvuvi mmoja, karatasi zake safi kama zile, alinyimwa. Tulisoma sababu iliyotiwa alama, tukaona hatuna la kuongeza zaidi ya tulichokwisha kupeleka, na yeye mwenyewe akasema pesa iliyobaki anaitia kwenye mashine ya boti. Nchi za Schengen zinampa mwombaji haki ya kukata rufaa na fomu ya kukataa inaeleza namna, lakini kwa mtu wa kawaida ni gharama na mara nyingi ni lugha ngeni. Kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokosekana huwa ni njia fupi. Kuomba upya bila kubadili kitu ni kuchoma ada.

Ada zenyewe: viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na watoto wa miaka 6 mpaka 11 ni nusu yake. Ni zaidi ya shilingi laki mbili, na ukinyimwa hairudi. Ongeza malipo ya kituo cha kupokea maombi pale wanapokitumia, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, picha, na nauli ya boti. Ndiyo maana namwambia mtu asubiri miezi saba kuliko kukimbilia.

Yapo mambo madogo yanayowaangusha watu wa hapa kuliko pengine. La kwanza ni majina. Kwetu mtoto huitwa jina lake, la baba yake, na la babu yake. Kwa hiyo jina la mwisho la baba na jina la mwisho la mwanawe si moja, na afisa aliyezoea majina ya ukoo anajiuliza hawa ni baba na mwana kweli? Ongeza hapo kwamba kwenye cheti cha ubatizo ameandikwa jina moja, kwenye cheti cha kuzaliwa jingine, na benki wameandika kwa herufi zao. Mstari mmoja wa maelezo na vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili vinatosha, lakini vishughulikiwe mapema, siyo wiki ya safari. Pasipoti nayo iangaliwe: iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki na kurasa mbili tupu.

La pili ni wafanyakazi wa mahoteli. Wengi mikataba yao inakwisha masika, Aprili na Mei, hoteli zinapofunga, kisha wanaitwa tena wageni wakirudi. Huo ndio wakati wao wa kusafiri, na ndio wakati ambao kwenye karatasi wanaonekana hawana kazi! Aombe barua kwa meneja inayoeleza utaratibu huo na tarehe atakayoripoti. Kama amerudi kazini hapo hapo misimu minne mfululizo, mikataba yote minne iambatanishwe.

La tatu ni ardhi. Mtu anasema ana shamba, na kweli analo, labda ni la eka tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini hati ina jina la marehemu babu na warithi ni kumi na wanane. Hiyo siyo karatasi ya kumpelekea afisa kama mali yako. Sema ni shamba la familia na unalilima. Barua ya sheha inaweza kueleza hivyo.

Na sasa nirudi kwenye barua yetu. Sheha anaandika juu ya ukaazi, mwajiri juu ya kazi, benki juu ya pesa. Parokia inaandika juu ya nini? Yale tu tunayoyaona kwa macho yetu. Tangu lini mtu huyu yuko nasi. Anafanya nini hapa, hata kama ni kupanga viti. Nani anayemtegemea nyumbani, kama tunamjua. Kama safari ni ya kwaya, ni nani anagharamia nini na nani anaongoza msafara. Mshahara asiolipwa na sisi hatuutaji. Neno "tunathibitisha kwamba atarudi" mimi nimelifuta kabisa. Nani kati yetu anaweza kuthibitisha moyo wa mtu mwingine? Naandika, "Tunamtarajia arudi kwa shughuli hii, tarehe hii." Barua inakuwa fupi, nusu ukurasa.

Isainiwe na watu wawili, nakala ibaki kwenye faili, na kila anayepokea simu ya ofisi ajue faili liko wapi. Na msafiri mwenyewe aisome kabla haijafungwa kwenye bahasha. Nimekutana na watu waliokwenda kwenye mahojiano hawajui barua yao inasema nini, na hapo hata ukweli unaonekana uongo.

Najua ugumu wake. Kijijini kwetu ukimkatalia mtu barua, umemkatalia mama yake, na mjomba wake, na nusu ya jumuiya. Ipo familia moja ambayo mwaka mzima haikunisalimia. Ndiyo sababu nasema jambo hili liamuliwe na kamati na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili mtu mmoja asiachwe akabeba lawama peke yake. Katibu akiombwa barua ya karani wa uongo awe na la kujibu: "Kamati imekataza, hata mwanangu sitamwandikia."

Wafadhili wetu na marafiki mnaoalika, naomba mnisikilize kidogo. Mwaliko wenu una nguvu kuliko barua yetu, lakini mara nyingi unatufikia ukiwa umejaa upendo na hauna tarehe. Andikeni siku ya kufika na siku ya kuondoka, mahali atakapolala, na nani analipa tiketi, chakula na bima. Msimwombee siku 90 mtu anayekuja kwa ubatizo wa siku moja, eti kwa kuwa sheria inaruhusu siku 90. Siku 15 zinaeleweka. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi wa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Mwaliko ukitufikia wiki nne kabla ya sikukuu yenu, mmetupa mtihani.

Mlio Ujerumani mnaijua ile hati rasmi ya kuwajibika kwa mgeni, ambayo mwenyeji anaisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Tafadhali isomeni kabla ya kuisaini. Mgeni akiugua bila bima, au akibaki, gharama zinaweza kudaiwa kwenu, na kuwajibika huko kunaweza kuendelea kwa miaka mitano. Miaka ya nyuma kwaya moja ya vijana ilialikwa Ulaya, na mmoja wao usiku wa mwisho hakuonekana kwenye basi. Kumi na wawili walirudi, mmoja hakurudi. Wenyeji waliandikiwa barua na serikali yao, wazee wastaafu, watu wema. Nilipowaandikia kuomba radhi walinijibu kwa upole sana, lakini mwaliko mwingine haukuja. Simlaani yule kijana, sijui shida zake. Ila anayechagua majina ya msafara ajue kwamba anachagua pia kwa ajili ya wale watakaotaka kwenda baada yao.

Na mtu wetu akinyimwa, msikimbilie kumwandikia balozi barua ya hasira. Tuulizeni kwanza kisanduku gani kilitiwa alama.

Lipo kundi jingine linalokuja kwetu, na hapa naomba akina mama wa kamati muwe macho zaidi. Ni msichana anayesema anataka viza ya matembezi kwenda Ghuba, ametafutiwa na shangazi wa rafiki. Ukimwuliza atatembelea nini, hajui. Ukimwuliza tiketi ya kurudi, anasema mwenyeji atashughulikia. Huyo anakwenda kufanya kazi za ndani. Kazi za ndani ni kazi halali na wapo waliojenga nyumba za wazazi wao kwa kazi hizo Maskati na Dubai. Lakini anayeingia kwa viza ya matembezi hana mkataba uliopita kwa maafisa wa kazi wa hapa wala ubalozi wetu wa kule, na akidhulumiwa anaogopa hata kujitokeza. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na mambo yaliyomo ndiyo yale tunayosikia hapa mitaani: pasipoti kuchukuliwa na mwajiri, kazi za saa 15 na zaidi kwa siku, mishahara isiyolipwa. Msichana huyo msimfukuze. Mkalisheni chini, mmweleze tofauti ya viza ya matembezi na viza ya kazi, na mumpeleke kwa ofisi ya kazi kwanza. Barua ya "anakwenda kutalii" msimwandikie, hata akilia.

Kuhusu Marekani nitasema kidogo, kwa kuwa mambo yamebadilika mara mbili ndani ya muda mfupi. Oktoba 2025 Watanzania waliingizwa kwenye mpango wa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza za matembezi. Desemba mwaka huo huo Rais wa Marekani akatia saini tangazo la kusimamisha utoaji wa viza hizo kwa Watanzania kuanzia Januari 1, 2026, likiwa na watu wachache waliosamehewa. Kwa hiyo mtu asilipe ada, asinunue tiketi, wala asimpe mtu pesa ya "kusaidia ndani", kabla ya kusoma tangazo la ubalozi wenyewe la wiki hiyo. Vishoka wanapenda sana nyakati kama hizi, mlango ukifungwa wao huuza ufunguo.

Namna ya kumjua kishoka? Anakuhakikishia. Ubalozi haujawahi kumhakikishia mtu viza, iweje yeye? Pia hataki uone fomu aliyokujazia. Anayesaidia kwa haki atakukalisha pembeni yake, asome kila mstari, ukubali, ndipo abonyeze.

Mtu akipewa viza, kazi yetu haijaisha. Tunamketisha na kumsomea tarehe zilizobandikwa kwenye pasipoti. Viza inaweza kuonyesha kipindi cha miezi mitatu lakini siku za kukaa ni 15 tu, na wapo waliosoma kile kipindi wakaacha zile siku. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni kwa kompyuta mipakani, sura na alama za vidole, badala ya kutegemea mhuri. Aliyezidisha siku moja anaonekana, hata kama hakuna askari aliyemkemea. Na akirudi, aje ofisini na pasipoti tupige nakala ya ukurasa wa kutoka na kuingia. Nakala hiyo ndiyo karatasi bora kuliko zote kwa safari yake ya pili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta nakala za barua tatu, zimefutwa majina, ziko mezani karibu na mlango: barua ya kwaya, barua ya mama wa sare, na ile niliyoiandika 2011. Ile ya 2011 nimeiwekea alama nyekundu kila mstari usio wa kweli. Kamati ichukue seti moja. Walio na msafiri wa mwezi wa saba wasiondoke bila kuniona, kwa sababu tunahesabu siku. Waje na pasipoti na vitabu vyao vya kikoba. Pesa wasilete.